Nilimkatia Mkwe Nyama Vipande Vidogo

Kabla hamjaanza kunihurumia, niwaambie mapema: kosa lilikuwa langu. Hakuna aliyenisukuma, sikuwa nimelewa, wala sikurogwa na mtu. Nilikuwa mjinga tu, tena mjinga aliyevaa vizuri.

Watu wa nyumbani kwangu wanajua nusu ya kwanza ya habari hii, ile ya kuchekesha. Huwa naisimulia mwenyewe kwenye harusi, watu wakishiba, na wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nusu ya pili huwa naimeza. Leo naitapika yote mbele yenu, kwa kuwa hamnijui na hatutakutana sokoni.

Ilikuwa Kolwezi, nchi ikiitwa Zaïre na jimbo letu likiitwa Shaba. Nilikuwa kijana, karani katika ofisi ya kampuni moja ya migodi, nimepewa nyumba ya matofali kambini. Nilikuwa na abacost mbili. Kwa vijana wa leo, abacost ni lile koti lisilovaliwa na tai, vazi la kila mwanaume aliyejiona mtu wakati ule. Moja ya bluu, moja ya kahawia. Nilijipenda jamani! Nilikuwa nikipita mbele ya dirisha la ofisi, nikijiona kwenye kioo, narudi nyuma nipite tena.

Mbali na mimi mwenyewe, nilimpenda msichana mmoja, Ngalula. Alikuwa akikaa kwa dada yake huko mtaa wa Manika, anajifunza ushonaji. Alikuwa na tabia ya kukusikiliza kimya mpaka umalize uongo wako wote, halafu anakuuliza swali dogo moja ambalo linakuacha uchi. Nilimpenda kweli, hilo sitanii. Nilikuwa nikimwona anakuja barabarani na mashine ya kushonea imekaa kichwani, mikono ameiachia, na mimi mate yananikauka.

Baba yake, Tata Ilunga, alikuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa manganizi kule Kisenge. Ni watu wa Kasai kama sisi. Wazee wao waliletwa kwa kazi ya migodi kama wazee wetu. Kwa hiyo mila ni zilezile na visingizio sina.

Sasa tufike kwenye aibu. Wazazi wangu walikufa nikiwa mdogo, na aliyenilea ni Shangazi Mbombo, dada wa baba yangu. Alikuwa hapo hapo Kolwezi, sokoni Manika, anauza samaki wakavu. Ada yangu ya shule ni samaki. Viatu vyangu vya kwanza ni samaki. Hata ile lugha ya Kifaransa niliyoringia ofisini, ukiichimba chini utakuta samaki.

Na alinuka samaki. Samaki na moshi wa makala, yaani makaa ya kupikia, na tumbako ya pua, ambayo akiivuta alipiga chafya mpaka kuku walikimbia. Akiniona upande wa pili wa barabara alipaza sauti kuniita jina alilonipa mwenyewe: "Mutoto ya samaki!" Wenzangu wa ofisini wako pale, na mimi na koti langu la bluu! Nikaanza kubadilisha njia. Soko nikawa nalizunguka kwa nyuma.

Ngalula aliponiuliza ndugu zangu wako wapi, nilimwambia wote wako Kasai. Nikasema hapa Kolwezi niko peke yangu. Alinitazama, akasema pole, kuishi bila mtu ni kazi. Nikaipokea ile pole yake bila hata kukohoa.

Basi habari ikaja kwa mtu wa reli kwamba Tata Ilunga anakuja kuniona. Atafika Ijumaa, atalala kwa binti yake mkubwa Manika, Jumamosi mchana atakuja kwangu, na Jumapili atapanda treni ya kurudi. Akikubali alichokiona, tunazungumza mahari. Akikataa, yamekwisha.

Mjue jinsi kwetu mkwe anavyopokewa siku ya kwanza. Kijana hasemi. Kijana anakaa ameinamisha kichwa kama aliyeiba. Anayesema ni mama wa ukoo, shangazi hasa, maana yeye ni baba mwenye sura ya kike. Ndiye anayepiga magoti, anamnawisha mgeni mikono, anamwekea bukari ya moto, ugali wetu, na pembeni nyama: kipande kizima, kikubwa, na mfupa wake. Mgeni akiuona mfupa anajua amehesabiwa kuwa mtu. Kumkatia mkwe nyama vipande vidogo ni kumwambia, kula kidogo uende zako. Nyama ndogondogo ni ya mtoto asiye na meno, au ya mgeni usiyemtaka.

Haya yote nilikuwa nayajua. Ningekuwa sijui, leo nisingekuwa na la kuungama.

Lakini nilikuwa nimeona kitu. Mkubwa wangu wa ofisi, mzungu mmoja, siku moja alinituma nimpelekee funguo nyumbani kwake saa za mchana. Mke wake alikuwa Ulaya kwa likizo, na yeye alikuwa jikoni anajipikia. Akaniambia kaa ule. Nikamwona anakata nyama ya ng'ombe nyembamba kama utepe, anachemsha mafuta mpaka yanatoa moshi, anaitupa nyama, inalia shaa, anaigeuzageuza mara moja na kuitoa. Halafu kitunguu, pilipili hoho, karoti, maharage mabichi, yote marefu membamba. Anarudisha nyama, anamimina matone ya sosi nyeusi, anarusha kikaango hewani kama anayepepeta mchele. Kufumba na kufumbua tunakula, na wali. Mboga zinalia kwenye meno!

Nikatoka pale nimelewa bila pombe. Nikajiambia, hiki ndicho chakula cha watu waliofika. Wakati huohuo redio ilikuwa inatuhubiria kila asubuhi turudi kwenye mambo ya mababu, tuache ya wazungu, ndiyo maana hata koti lile tulilivaa. Mimi nikalivaa koti la mababu, nikaenda kupika chakula cha mzungu, niwaonyeshe watu wa mababu. Nielezeni ninyi, mimi sijaelewa mpaka leo.

Wiki ile ile shangazi alinishika. Alikuwa amesikia habari kwa jirani yangu Mama Zaina, mke wa mfanyabiashara mmoja wa malori, Waislamu waliotoka mashariki, ambaye alikuwa mteja wake wa samaki. Nilikuwa nazunguka soko kwa nyuma kama kawaida yangu, nikamkuta amesimama huko huko nyuma. Alikuwa ameijua njia yangu ya kumkwepa siku nyingi, kumbe, ila hakuwahi kusema.

Akaniuliza taratibu kama kweli nataka kuoa. Nikasema ndiyo. Uso wake ukafunguka wote. Akaanza kupanga palepale: kitambaa gani atavaa, nyama ataanza kuipika saa ngapi, maneno gani ya ukoo atayasema. Halafu akauliza, "Bakwe banakuya siku gani?"

Na mimi, nikiwa nimemtazama usoni yule mama, nikajibu, "Jumapili, Tantine. Jumapili mchana."

Ndivyo nilivyofanya. Neno moja tu, wala halikunikwama kooni.

Ijumaa nikaenda kwa bucha. Nikanunua nyama ya bega, nikamwamuru yule mwenye bucha atoe mfupa wote. Alinitazama mara mbili. Nikamwambia mimi nataka nyama tu. Mifupa ile, mikubwa, imejaa uboho, nikampelekea Mama Zaina. Mwenye bucha alikuwa Mwislamu, kwa hiyo mama huyo angeweza kuipika bila wasiwasi. Aliipokea kwa mikono miwili, halafu akanichungulia kama anayetafuta homa. "Mukwe anakuya, na mifupa unanipa mi? Shangazi yako anajua?"

Nikamwambia shangazi anajua kila kitu. Mama Zaina akaingia ndani na mifupa yake.

Jumamosi! Nilivaa abacost ya bluu kabla ya kupika, maana nilitaka mkwe akifika anikute tayari. Nikapika nje kwenye babula, jiko la makala, na koti langu nimelifunga mpaka kifungo cha juu. Nilikata nyama kama utepe. Nilikata karoti, hoho, kitunguu, maharage. Nilipanga vyote kwenye sahani kwa rangi zake, nikasimama mbali nikaangalia, nikajipongeza.

Kumbe moto wa makala hauna haraka ya mzungu. Jiko lake yeye lilikuwa la gesi, moto unanguruma. Langu lilikuwa linanitazama tu. Nikamimina mafuta, nikasubiri moshi, moshi ukaja, lakini wa makala, ukaniingia machoni. Nikainama kupuliza. Cheche ikaruka ikatua kwenye koti, kifuani hapa, ikala tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Nikatupa nyama yote kwa pamoja kwa hasira. Haikulia shaa. Ilinyamaza. Halafu ikaanza kutoa maji.

Ndugu zangu, maji! Ile nyama ilijichemsha yenyewe, ikawa ya kijivu kama tambara la deki. Na ng'ombe mwenyewe hakuwa yule wa mkubwa wangu, laini, wa duka la mabosi. Huyu alikuwa amezeeka akijua njia zote za nchi. Bega lake lilihitaji kukaa kwenye moto kuanzia asubuhi mpaka jua la mchana, likibembelezwa. Mimi nilimpa dakika za mzungu. Nikaongeza mboga zote, maji yakazidi. Sosi nyeusi sikuwa nayo, nikaongeza chumvi mahali pake. Kisha nikajaribu kurusha kikaango hewani, na sehemu ya karoti ikahamia kwenye mchanga.

Tata Ilunga akafika. Mzee mwembamba, kofia mkononi, viatu vimepakwa rangi siku hiyo hiyo. Alisimama mlangoni akatazama ndani, kulia, kushoto, anatafuta mama wa kumpokea. Akaniona mimi na taulo begani.

Nilimnawisha mwenyewe. Nilimkalisha mwenyewe. Nikasema maneno ya kumkaribisha mwenyewe, marefu, na Kifaransa nilikitia humo. Kijana asiyetakiwa kufungua mdomo, mimi nilihutubia! Mzee alinawa polepole, macho yake hayatoki mlangoni, bado anasubiri atokee mtu.

Nikaleta sahani. Wali mweupe, juu yake ule mchuzi wa tepe. Akatazama sahani. Akatazama nyuma yangu. "Bukari inakuya?"

Nikamwambia leo hakuna bukari, leo tunakula namna mpya.

Alikula, hilo nimpe. Mzee mwenye adabu hawezi kukataa chakula cha nyumba ya mtu. Alitafuna utepe mmoja muda mrefu, akauhamisha shavu moja kwenda jingine, akaumeza kwa nguvu mpaka niliuona unashuka. Akajaribu karoti, ikalia kru kru kwenye meno yake machache. Ndipo harufu ikavuka ua kutoka kwa Mama Zaina. Mifupa yangu! Alikuwa ameipika na vitunguu na nyanya, uboho umeyeyuka, harufu inaingia dirishani bila hodi. Mzee akainua pua. Akaniuliza jirani yangu anapika nini, na mimi nikasema sijui.

Akaweka kijiko chini. Akainua kwa vidole utepe mmoja wa nyama, akautazama kwenye mwanga wa mlango.

"Hii nyama nani alikata?"

"Mi njo nilikata, Tata."

"Na bantu yako iko wapi?"

Hapo Mungu alinifungulia mlango mkubwa kabisa. Manika ni mwendo mfupi tu. Ningeweza kusema, nisubiri kidogo, nikamwite shangazi. Ningekimbia na koti langu lenye tundu. Badala yake nikasema, "Biko Kasai, Tata. Hapa niko mi moja."

Akachukua kofia yake. Akasema, "Nimeona." Basi, hilo tu. Akatoka.

Ninyi mnajua neno lile lina maana gani. Mimi, sijui niliumbwa kwa udongo gani, niliketi nikajiambia mambo yamekwenda vizuri. Nikasema mzee ni mtu wa maneno machache. Nikalala usingizi mnono.

Sasa inakuja ile nusu ninayoimezaga.

Jumapili mchana nikasikia hodi. Nilikuwa nimevaa fulana, kikaango cha jana bado kiko mezani na mabaki yake. Nikafungua. Ni Shangazi Mbombo.

Sikuwahi kumwona hivyo. Kitenge kipya kabisa, bado kina mikunjo ya dukani, kilemba chake kimefungwa juu. Kichwani chungu kikubwa kimefunikwa kwa kitambaa cheupe, mkononi beseni la bukari limefungwa lisipoe. Kwenye chungu, mguu wa ng'ombe mzima, na mfupa wake, aliouweka motoni tangu alfajiri. Alipiga magoti palepale mlangoni, chungu kichwani, akaanza kusema maneno ya ukoo, akitaja babu yangu, na baba yangu, na mto wa kwetu. Alikuwa amekwishafika kwenye jina la baba yangu alipoinua macho na kuona kwamba ndani hakuna mtu.

"Biko wapi bakwe?"

Hata hapo nilijaribu uongo! Nikasema treni ilibadilisha siku, nikasema walikuja ghafla, sikupata mtu wa kumtuma. Maneno yangu yakawa yanakanyagana. Yeye alikuwa ametua chungu, anatazama kikaango. Akachukua utepe mmoja wa nyama iliyolala, akauweka mdomoni. Akatafuna. Akatafuna sana.

"Hii ni nyama ao ni kamba ya kiatu?"

Nikatazama miguu yangu. Akanitazama weee, na nikaona jinsi ilivyomfikia, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye ukuta wa udongo. Alielewa bila kuambiwa. Hakupiga kelele. Yule mama ambaye chafya yake ilisikika mtaa wa pili, hakutoa sauti hata kidogo. Alifunga tena chungu kwa kitambaa chake cheupe, akakiinua kichwani, akaniuliza treni ya Tata Ilunga inaondoka saa ngapi.

Nilivaa koti lenye tundu, nikamfuata. Njiani nilitaka kumpokea chungu. Akasema, "Hapana. Utachafula koti."

Stesheni ilikuwa na watu wengi. Tata Ilunga alikuwa amekaa kwenye sanduku lake, Ngalula na dada yake wamesimama kando. Shangazi akapita katikati ya watu, akafika, akapiga magoti kwenye saruji ile ya moto. Akasema maneno yote ya ukoo tangu mwanzo, babu, baba, mto, hakuruka kitu. Akasema yeye ndiye dada wa baba wa kijana huyu, kwamba jana hakupatikana, na akaomba mkwe amsamehe kwa kuchelewa. Alisema hivyo: yeye ndiye aliyechelewa! Akamnawisha mzee mikono kwa maji ya chupa, akafunua bukari bado inatoa moshi, akamwekea ule mguu mbele yake.

Mzee alikula. Alikula palepale, mbele ya abiria, akashika mfupa kwa mikono miwili akaugonga kwenye ukingo wa beseni uboho utoke. Watu waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. Mimi nilisimama pembeni nikaanza kupata matumaini, nikaona harusi, nikaona watoto.

Ngalula hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anamtazama shangazi.

"Ni weye, mama ya samaki?" akasema. "Minauzaka kwako kila siku ya posho." Shangazi akatabasamu, akasema ndiyo, nakukumbuka, unanunua kwangu kila Jumamosi, wewe huwa huchagui samaki wakubwa. Kisha Ngalula akanigeukia mimi. Nikangoja lile swali lake dogo. Hakuliuliza. Ningependa angeliuliza, maana kuuliza ni kutaka jibu.

Mzee alipomaliza alinawa. Akamwinua shangazi kwa mkono, kwa heshima, akamkalisha kwenye sanduku lake mwenyewe, na yeye akabaki amesimama.

"Mama, weye umenipokea muzuri. Kama ni weye njo ungekuya kuomba, mutoto ningekupa leo. Lakini hatakaa na weye. Atakaa na huyu." Hakunitazama hata alipoonyesha. "Jana nilimuuliza bantu yake iko wapi. Aliniambia biko Kasai. Weye njo ulimukomalisha, na amekuficha. Siku ingine atamuficha mutoto yangu."

Shangazi alijaribu kunitetea. Mungu ndiye shahidi, alijaribu! Akasema mtoto huyu ni mwema, ni kazi ya ofisi inamchanganya kichwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru tena kwa chakula, akapanda treni. Ngalula na dada yake wakaondoka kwa upande mwingine, na mimi nikabaki nimemtazama mgongoni mpaka kona. Baadaye nilisikia ameolewa huko Kisenge na fundi mmoja. Sikuwahi kusikia kwamba anajuta.

Safari ya kurudi ndiyo chungu nilibeba mimi. Shangazi alinitwisha tu. Tukapita Manika yote, mimi na abacost yangu, chungu kichwani, na mchuzi uliobaki unatiririka kwenye kola mpaka mgongoni. Wenzangu wawili wa ofisini walikuwa wamekaa barazani kwenye pombe, wakaniona. Tangu siku ile ofisini nikaitwa Citoyen Chungu, yaani Mwananchi Chungu, na nililistahili. Katika nusu hii, hiyo tu ndiyo huwa naisimulia kwenye harusi, bila kusema chungu kilitoka wapi, na ndipo watu hucheka zaidi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho ndicho hasa huwa nakimeza. Tulipokaribia kwake, shangazi alipunguza mwendo. Nilidhani sasa atanitukana, na nilitaka anitukane, ningemshukuru. Akanikaribia, akanusa kitenge chake kipya begani, akanusa mkono wake. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza jambo la kawaida.

"Asubui nilioga na sabuni ya harufu, mutoto yangu. Samaki bado inasikika?"

Nililia. Nililia na chungu kichwani, sikuwa na mkono wa kujifuta. Nikamwambia hapana, Tantine, haisikiki. Ule ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwake, na ndio pekee nisioujutia.

Niliendelea na maisha. Nilioa baadaye, mwanamke mwema, na siku ile shangazi ndiye aliyepiga magoti na kusema, na mimi nilikaa nimeinamisha kichwa, mdomo umefungwa kabisa. Alipiga chafya katikati ya maneno ya ukoo, wakwe wakacheka, mambo yakaenda. Yeye hayupo tena. Sokoni mahali pake anauza mtu mwingine, na mimi bado hupita pale kwa mbele, makusudi, ingawa hakuna tena anayeniita.

Wewe unayesoma, labda unajiandaa kupokea wakwe. Labda umeona chakula cha kisasa mahali, na umeshaanza kunoa kisu. Sikukatazi. Ila kama kuna mtu aliyekulea, na unatafuta siku ya kumdanganya kwa sababu ya nguo zake, au sauti yake, au harufu yake, ogopa sana! Mwambie siku ya kweli, umkalishe karibu kabisa na mgeni. Ukishafanya hivyo kata nyama unavyotaka, hata vipande vidogo. Yeye akiwa amekaa pale, mkwe atakula.